Kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito, na kila nikiwasha inaleta maandishi ya ajabu. Ni ugonjwa mmoja au mitatu?

#1 MamaNaila (Ijumaa, saa 3:12 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kabla sijaipeleka kwa fundi, maana mara ya mwisho fundi aliirudisha ikiwa tupu, picha zote zimefutwa.

Nina kompyuta ya mezani niliyoinunua mtumba mwaka 2019. RAM (kumbukumbu ya muda) ni GB 4, diski GB 500, ndani kuna Windows 10. Miaka yote hiyo haijanisumbua hivi. Tangu wiki tatu zilizopita mambo yamekuwa hivi:

Nikiwasha, kwanza kinakuja kioo cheusi kimeandikwa "CMOS checksum error - Defaults loaded. Press F1 to continue". Nabonyeza F1, inaendelea. Halafu Windows inakaa kwenye vile vidoti vinavyozunguka mpaka naenda kubandika chai narudi. Ikishafunguka kinatokea kiboksi cha "Windows Script Host" kinasema "Can not find script file", likifuatiwa na jina refu lenye neno Roaming katikati na .vbs mwishoni. Nabonyeza OK, kinaondoka. Saa nayo inaonyesha Januari 2010, na nikifungua barua pepe naambiwa "Your connection is not private".

Toka kuwasha hadi Excel ikubali kufunguka nimepima kwa saa ya simu: dakika 14.

Mambo mawili yalitokea wakati huo. Umeme ulikatika mara nne kwa siku moja huku mashine inafanya kazi, na mwanangu alirudi na fleshi aliyokuwa ameipeleka steshenari kuprinti kazi ya shule. Sijui nishike lipi.

Humo ndani kuna hesabu za kikoba chetu tangu 2016, mimi ndiye katibu. Desemba tunavunja kikoba na akina mama 28 wanasubiri mgao wao. Daftari lipo, ila ni la miaka miwili ya mwanzo tu.

#2 kijana_wa_goba (saa 3:20 usiku)

Piga Windows upya. Lisaa limoja umemaliza, inakuwa kama mpya.

#3 FundiMtaa (saa 3:26 usiku)

Mkuu #2, umesoma aya ya mwisho? Kuna hesabu za watu 28 humo. Ukipiga Windows juu ya diski ambayo hujui hali yake unaweza kuwa ndiyo umeizika.

Mama Naila, usiku huu usifanye kitu chochote zaidi ya kunakili hilo faili la Excel na kulitoa nje ya hiyo mashine. Hata ikichukua saa nzima. Magonjwa tutayatafuta kesho.

#4 MzeeWaTanga (saa 3:41 usiku)

Hayo maandishi ya kioo cheusi nayafahamu sana. Ni betri ya saa. Ndani ya boksi la sipiyu, juu ya madabodi (ubao mkuu), kuna kibetri cha mviringo kama sarafu, kimeandikwa CR2032. Kazi yake ni kuitunza saa na mipangilio ya BIOS, ile programu ya kwanza kuamka, mashine ikiwa imechomolewa umeme. Kikifa, kila ukizima ukutani mashine inasahau kila kitu, hata mwaka. Ndiyo maana unarudi 2010.

Na hiyo ya barua pepe ni mtoto wa tatizo hilo hilo. Tovuti zina vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine yako ikiamini tuko 2010, cheti kilichotolewa mwaka huu inakiona bado hakijaanza kazi, inakikataa. Tazama chini ya ile onyo, bila shaka utakuta ERR_CERT_DATE_INVALID.

Badilisha betri, rekebisha saa, hayo mawili yamekwisha. Na wepesi utarudi.

#5 Nyambura_K (saa 3:55 usiku)

Mzee, nakubali yote isipokuwa sentensi ya mwisho. Betri ya saa haiwezi kuifanya tarakilishi iwe nzito. Yangu ilikaa na betri iliyokufa karibu mwaka mzima, kila asubuhi naweka saa kwa mkono, na spidi ilikuwa ile ile.

Mimi naona ni diski. Stima ikipotea mara nne diski ikiwa inaandika, inaachwa kalamu juu ya karatasi.

#6 kijana_wa_goba (saa 3:58 usiku)

Tarakilishi 😂😂 Wakenya mna maneno.

#7 Nyambura_K (saa 4:01 usiku)

Tarakilishi ni tarakimu na akili, neno limetimia. Nyinyi mmechukua computer mkaipachika herufi mbili za Kiswahili mkalala.

#8 MwalimuKaskazi (saa 4:10 usiku)

Kulikuwa na "ngamizi" pia, wazee wetu walilijaribu. Halikushika. Mimi nadhani ni kwa sababu linasikika kama "angamiza", na hakuna anayependa kuweka hesabu za kikoba ndani ya kitu cha kuangamiza.

Turudi kwa mama. Hakuna aliyegusa hicho kiboksi cha .vbs, na mimi kimeshanipata shuleni kwenye mashine kumi na moja.

Ni mabaki ya kirusi cha shotikati. Wote mnakijua: unachomeka fleshi, unakuta mafolda yamegeuka vishale, ukubwa wa kila kimoja ni KB 1 au 2. Kirusi huwa kinaficha mafolda halisi na kuweka shotikati za bandia. Ukibofya, kinajiendesha chenyewe kwanza halafu ndiyo kinakufungulia folda, usigundue. Kwenye kompyuta kinajinakili ndani ya AppData\Roaming na kujiandikisha kwenye orodha ya vitu vya kuamka pamoja na Windows. Baadaye antivairasi inakuja, inafuta lile faili lakini ile amri ya kuliita inabaki kwenye orodha. Kila asubuhi Windows inaita jina la maiti, haliitiki, inakuletea "Can not find script file".

Kwa hiyo kiboksi hicho, mama, ni habari njema nusu. Faili halipo tena. Kinachokusumbua ni jina lake.

#9 shemeji_wa_mjini (saa 4:22 usiku)

Nimecheka "jina la maiti", ila ni ukweli mtupu. Yangu ilikuwa ikiniita hivyo hivyo miezi.

Mimi nasimama kwenye RAM. GB 4 na Windows 10? Kivinjari peke yake chenye kurasa tano kinameza GB 2. Ikijaa, mashine inaanza kutumia diski kama RAM ya kuazima, na diski ya kuzunguka ni kobe. Ongeza GB 4 nyingine utanishukuru.

#10 FundiMtaa (saa 4:30 usiku)

#9, RAM ilikuwa GB 4 tangu 2019 na mashine ilikuwa nzuri. Kitu ambacho hakijabadilika hakiwezi kuwa sababu ya kilichobadilika wiki tatu zilizopita.

#11 shemeji_wa_mjini (saa 4:34 usiku)

Hakijabadilika RAM, ila Windows imebadilika na vivinjari vimenenepa. Mzigo unaongezwa kidogo kidogo, punda anaanguka siku moja.

#12 BinSuud (Jumamosi, saa 12:50 asubuhi)

Assalaam alaykum. Nawasoma kutoka Maskati.

Nnakubaliana na Mwalimu #8 kuhusu hicho kiboksi, lakini nataka kumtahadharisha mama asiende kufuta ovyo kwenye rejistri, lile daftari la mipangilio ya Windows. Mie yalinikuta. Kirusi changu hakikukaa kwenye orodha ya kawaida, kilijibandika kwenye mstari wa Userinit, ndani ya Winlogon. Mstari ule kwa kawaida unatakiwa usome C:\Windows\system32\userinit.exe na mkato mwishoni, basi. Changu kilikuwa kimeongezewa wscript, ile programu inayoendesha faili za .vbs, na jina la faili baada ya mkato. Nami kwa haraka nikaufuta mstari wote. Matokeo yake, kila nikiandika nywila naingia natolewa hapo hapo, naingia natolewa. Siku mbili nimehangaika.

Njia ya salama ni programu ya Autoruns, ni ya bure na inatolewa na Microsoft wenyewe. Inakuonesha kila kinachoamka na Windows, na vile ambavyo faili lake halipo inavipaka rangi ya manjano. Huna haja ya kufuta, toa tiki tu. Ukikosea unairudisha tiki.

Jambo jingine, jamani vumbi. Huku kwetu kiangazi nje ni digrii 45 na zaidi. Mashine yangu ilikuwa inaanza vizuri, baada ya dakika tano inakuwa nzito kama imelewa. Nilipofungua, feni ya prosesa ilikuwa imevaa kofia ya vumbi. Prosesa ikipata moto inajipunguza kasi yenyewe isiungue. Nilisafisha, nikapaka grisi mpya ya joto, ikapona.

#13 MamaNaila (saa 2:05 asubuhi)

Asanteni sana. Shikamoo Mzee wa Tanga.

Jana usiku nilijaribu kunakili kama fundi alivyosema. Folda ya kikoba ina faili 11. Tisa zimekubali. Faili la 2018 na la 2021 zinafika katikati zinaganda, halafu inasema haiwezi kusoma. Wakati huo sipiyu inatoa sauti, tk tk tk, inanyamaza, tk tk tk.

Nimeangalia Task Manager, sehemu ya Disk ni 100% muda wote hata nikiwa sijafungua kitu. Memory, yaani RAM, ni 61%.

BinSuud, yangu ni nzito tangu inawaka, haisubiri kupata moto.

#14 MzeeWaTanga (saa 2:11 asubuhi)

Marahaba mama. Hiyo sauti sijaipenda.

#15 FundiMtaa (saa 2:19 asubuhi)

Zima. Zima sasa hivi, usijaribu tena hayo mafaili mawili ukiwa ndani ya Windows. Kila jaribio linaifanya diski irudie kusoma sehemu mbovu mara kadhaa, na kama ni kichwa cha kusomea kinachochoka unakimalizia.

Na yeyote atakayemwambia apige chkdsk /r, ile amri ya Windows ya kukagua diski, kabla hajatoa data, nitamjibu vibaya. Chkdsk inatengeneza mpangilio wa mafaili, haiokoi mafaili. Kwenye diski inayokufa inazunguka saa sita, na inaweza kukata vipande vya faili unalolitaka ili mpangilio ukae sawa.

#16 kijana_wa_goba (saa 2:24 asubuhi)

Nilikuwa naandika chkdsk. Nimefuta.

#17 Nyambura_K (saa 2:40 asubuhi)

Diski 100% na Memory 61%. Shemeji #9, RAM yako hiyo imepata alibi, ina ushahidi kwamba haikuhusika.

Mama, tafuta fleshi safi ya GB 8, mwombe mtu mwenye kompyuta nzima akuwekee Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, kwa kutumia programu ya Rufus. Washa mashine yako kutoka kwenye hiyo fleshi, usiinstoli chochote, iache tu ikae inaelea kwenye RAM. Faida mbili. Kwanza Windows haiamki, kwa hiyo hakuna kitu kinachogombania diski, zile 100% zinapotea. Pili, hivi virusi vya .vbs havina nguvu kwenye Linux, kwa hiyo fleshi utakayonakilia haitaambukizwa.

#18 MwalimuKaskazi (saa 2:52 asubuhi)

Nyongeza kwa #17. Windows 10 ukiizima kwa kawaida haizimiki yote, inalaza sehemu yake kwenye diski ili kesho iamke haraka. Linux ikikuta hali hiyo inaifungua diski kwa kusoma tu. Kwa kunakili haina shida, usishtuke ukiona imekataa kuandika. Ukitaka ijizime kabisa, shika Shift wakati unabofya Shut down.

Hii ndiyo sababu pia watu wanasema "nimezima nikawasha tatizo lipo pale pale", kumbe walitakiwa wabofye Restart.

#19 MamaNaila (Jumapili, saa 10:30 jioni)

Wakuu nimerudi. Binamu yangu amenitengenezea hiyo fleshi ya Linux. Mashine iliwaka ndani ya dakika mbili na ilikuwa nyepesi! Nilidhani nimebadilishiwa kompyuta.

Faili la 2021 limetoka, lilichukua dakika 20. Limefunguka vizuri kwenye kompyuta ya binamu, mistari yote ipo. La 2018 limekataa.

Kabla ya hapo binamu aliwasha Windows mara moja akaweka CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski. Imeandika Caution kwa rangi ya njano. Alinipigia picha, nanukuu mistari yenye namba:

05 Reallocated Sectors Count: 0
C5 Current Pending Sector Count: 18
C7 UltraDMA CRC Error Count: 412

Hii ina maana gani?

#20 shemeji_wa_mjini (saa 10:38 jioni)

Sekta 18 tu, vile vipande vidogo vya diski, kati ya mamilioni? Hiyo diski ni nzima kabisa.

#21 FundiMtaa (saa 10:51 jioni)

Mkuu, hiyo programu isipobadilishwa inaonyesha namba ghafi kwa hesabu ya kumi na sita (hexadecimal), ambapo 10 ni 16 ya kawaida. 18 hapo ni 24 ya kawaida. Na 412 ni 1,042.

Na sekta 24 si chache zikiwa ndizo zilizoshika hesabu za kikoba. C5 ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na haijaamua izifanye nini. Ni kama wagonjwa walioko kwenye benchi. 05 ndiyo wale waliokwisha kuondolewa na kupewa mbadala. Yako ina 24 kwenye benchi na hakuna hata mmoja aliyeondolewa.

Msimamo wangu: diski inakufa. Nunua SSD, diski isiyozunguka.

#22 MzeeWaTanga (saa 11:15 jioni)

Hapa mwanangu FundiMtaa, niruhusu nikupinge.

Tazama C7. Makosa 1,042. Hiyo haihesabu ubovu wa sahani za diski, inahesabu data iliyoharibika njiani, kati ya diski na madabodi. Mara nyingi ni waya wa SATA, ule unaopitisha data, uliolegea au uliochoka. Data ikifika imeharibika inatumwa tena, na tena. Hapo ndipo uzito unapotoka.

Nimefanya kazi na mashine za Windows XP miaka mingi. Zile za diski za IDE, za zamani kabla ya SATA, zilikuwa na tabia: makosa ya namna hiyo yakifika sita, Windows yenyewe inaishusha diski kwenye mwendo wa zamani kabisa, ule wa PIO. Mteja anakuja analia mashine imekuwa konokono, unabadilisha utepe wa waya, unairudisha kwenye mwendo wa kasi wa DMA, anaondoka anacheka. Hakuna aliyenunua diski.

#23 FundiMtaa (saa 11:29 jioni)

Shikamoo mzee. Hiyo ya PIO ni kweli kwa XP na IDE, lakini hii ni SATA na Windows 10, huo mteremko haupo tena. Halafu C7 ni hesabu ya maisha yote ya diski, hairudi sifuri. Hii mashine ni mtumba, makosa hayo 1,042 yanaweza kuwa ya mmiliki wa kwanza, kabla ya 2019.

Na waya haufanyi diski iseme tk tk tk.

#24 MzeeWaTanga (saa 11:34 jioni)

Marahaba. Basi kipimo ni rahisi. Abadilishe waya, aandike namba ya leo, aitumie siku tatu. Ikibaki 412, waya hauna kesi, au ulikuwa na kesi na umekwisha kubadilishwa. Ikipanda, tutaongea.

Na hiyo tk tk tk inaweza kuwa diski inakosa umeme wa kutosha, kichwa kinarudi nyumbani na kuanza upya. Umeme uliokatika mara nne unaweza kuwa umeijeruhi pawasaplai, ile inayoilisha mashine umeme. Umeipima?

#25 BinSuud (saa 12:40 jioni)

Na hizo sekta 24 huenda si ugonjwa wa diski. Umeme ukikatika diski ikiwa katikati ya kuandika sekta, maandishi na alama yake ya uhakiki havilingani. Ukija kusoma, diski inasema siwezi. Sahani yenyewe haina kasoro. Ukiandika upya juu yake inakubali, na inatoka kwenye hiyo C5 bila kwenda 05. Mama kasema mwenyewe, kukatika mara nne, na mashine ilikuwa inafanya kazi.

#26 Nyambura_K (saa 1:05 usiku)

BinSuud, faili la 2018 aliliandika lini mara ya mwisho? Stima ilipotea wiki tatu zilizopita. Diski haikuwa inaandika faili la miaka hiyo yote iliyopita. Kwa nini sekta zake ndizo zimeumia?

#27 BinSuud (saa 1:20 usiku)

Swali zuri. Pengine alilifungua akalihifadhi tena siku ile. Mama?

#28 MamaNaila (saa 1:48 usiku)

Nimekaa nikakumbuka. Siku ile umeme unakatika nilikuwa natafuta hisa za mwenzetu mmoja aliyedai tumempunja mwaka 2018. Nililifungua ndiyo. Kama nilihifadhi, sikumbuki.

La 2021 sikuligusa kabisa.

#29 MwalimuKaskazi (saa 2:00 usiku)

Sasa hapo kila mtu ana nusu yake.

Mama, kuhusu 2018. Usikate tamaa. Wakati ule hamkuwa mnatumiana hesabu? Tafuta kwenye barua pepe zilizotumwa, na uwaulize mweka hazina na mwenyekiti watazame simu zao za zamani. Vikoba vingi ninavyovijua, katibu anatuma nakala kila mwisho wa mzunguko.

#30 kijana_wa_goba (saa 2:12 usiku)

Swali la pembeni: nikibadilisha betri ya saa, kwa nini Windows hairekebishi saa yenyewe kutoka intaneti? Yangu ilikaa 2010 mpaka nikaibadilisha kwa mkono.

#31 FundiMtaa (saa 2:25 usiku)

Tofauti ikizidi saa 15 huduma ya saa ya Windows, kwa mipangilio inayokuja nayo, inakataa kuigusa. Inaona pengo ni kubwa mno kuliaminia. Weka mwaka na siku kwa mkono, dakika itajipanga yenyewe.

Na ukinunua CR2032 pima kwa mita. Mpya inasoma volti 3 au zaidi kidogo. Nimeshauziwa zilizolala dukani zikisoma 2.4. Ukiibandika, wiki haiishi F1 imerudi.

#32 mgeni_wa_jukwaa (Jumatatu, saa 3:15 asubuhi)

Samahani kuingilia. Nimesoma uzi wote. Je, si kwamba Windows 10 ilifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025? Labda Microsoft wanaipunguza kasi makusudi ili watu wahamie 11.

#33 Nyambura_K (saa 3:31 asubuhi)

Karibu mgeni. Tarehe ni sahihi, lakini kilichokoma ni masasisho ya bure ya usalama. Mashine haikuguswa. Na kuhamia 11 si rahisi kwake, inataka TPM 2.0, kijichipu cha usalama, na kwa upande wa Intel prosesa za kizazi cha nane kuendelea. Mashine nyingi za mtumba za 2019 ni za kizazi cha pili hadi cha sita.

Ila Linux ilimwakia kwa dakika mbili. Mimi ningebaki huko huko.

#34 shemeji_wa_mjini (saa 3:40 asubuhi)

Linux iliwaka haraka kwa sababu ilikuwa inasoma kutoka fleshi, haikuigusa diski. Hiyo inathibitisha diski ndiyo tatizo, haithibitishi kwamba Linux ni bora. Naikubali diski sasa. RAM nayo sijaiachia.

#35 MamaNaila (Alhamisi, saa 2:20 usiku)

Wakuu, mrejesho.

Betri imebadilishwa, elfu mbili. Kioo cheusi hakijarudi, saa iko sawa, barua pepe inafunguka. Mzee wa Tanga, Mungu akuzidishie.

Autoruns ilionyesha mistari miwili ya manjano, wote wa wscript, jina lile lile. Userinit niliangalia kama BinSuud alivyoonya, iko safi. Nilitoa tiki, kiboksi hakiji tena. Fleshi ya mwanangu binamu aliifungulia kwenye Linux, mafolda yaliyofichwa yote yalikuwemo, kazi ya shule haikupotea.

Waya wa SATA binamu alibadilisha Jumatatu. Namba za leo: C7 bado 412. C5 imeshuka kutoka 18 hadi 10. 05 bado 0. Kuwasha hadi Excel ni dakika 6. Tk tk tk nimeisikia mara moja tu, Jumanne.

Faili la 2018: mwenyekiti alikuwa nalo kwenye barua pepe yake, nililituma mwenyewe Desemba 2018. Nilifungua nikakuta hisa za yule mwenzetu. Alikuwa anadai kweli, elfu arobaini na tano. Tutamlipa kwenye mgao.

#36 BinSuud (saa 2:31 usiku)

Alhamdulillah. Na mmeona? C5 imeshuka, 05 haijapanda. Sekta nane zimepona bila kubadilishwa. Umeme.

#37 MzeeWaTanga (saa 2:36 usiku)

Na C7 imesimama tangu waya ubadilishwe, na dakika 14 zimekuwa 6. Waya.

#38 FundiMtaa (saa 2:44 usiku)

Na bado zipo 16 kwenye benchi, na sauti imesikika Jumanne. Mama, hata hawa wazee wakishinda hoja, hesabu za kikoba zisirudi kwenye hiyo diski peke yake. Moja hapo, moja kwenye fleshi inayokaa kwa mweka hazina, moja kwenye barua pepe. Na chomeka UPS ndogo, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, kabla ya Desemba.

#39 Nyambura_K (saa 2:50 usiku)

Dakika 6 bado ni nyingi. Ya kwangu yenye SSD inawaka kwa sekunde 20.

#40 shemeji_wa_mjini (saa 2:58 usiku)

Mama Naila, madabodi yako inakula RAM ya aina ya DDR3? Nina kijiti cha GB 4 kimetoka kwenye mashine ya ofisi iliyokufa, kimekaa droo mwaka sasa. Nitakitoa bure. Nitumie picha ya kile kilichomo, nisome maandishi ya juu yake, kesho nakupakilia kwenye basi la Morogoro. Tupime mara ya mwisho.

#41 MamaNaila (saa 3:04 usiku)

Naifungua sasa hivi. Nimekutumia kwa ujumbe wa faragha.